Kifuniko cha maji: tazama mbu, jua na mtoto kabla ya kununua

Mwanzoni mwa mwaka 2018, homa ya chikungunya ilipokuwa imeenea Mombasa, niliitwa katika nyumba moja ya mtaa wa Makadara kumtazama bibi mmoja ambaye hakuweza kuinuka kitandani. Vifundo vya mikono na miguu yake vilikuwa vimefura, na hata kushika kikombe cha chai kulimshinda. Wiki iliyotangulia mjukuu wake wa miaka 9 alikuwa na homa kali iliyoandamana na vipele, na siku ile niliyoitwa mkwewe naye alikuwa ameanza kulalamikia magoti.

"Shikamoo, bibi," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, daktari, mbu huyu atoka wapi? Sisi twalala ndani ya chandarua, na maji yetu yote tumeyafunika."

Bibi hakusema uongo. Uani palikuwa na mapipa mawili ya maji, na juu ya kila pipa pamelazwa kipande cha bati, na juu ya bati jiwe. Lakini bati lenyewe lilikuwa limejikunja, na kati yake na ukingo wa pipa palikuwa na mwanya wa kupitisha vidole viwili. Niliomba tochi, nikamulika ndani. Viluwiluwi walikuwa wakipanda na kushuka majini, wengi wasiohesabika.

Nyumba ile haikukosa vifuniko. Ilikosa vifuniko vinavyofaa. Tangu siku hiyo, kila nipatapo familia yenye wagonjwa wawili au watatu wa homa kwa wakati mmoja, huwauliza maji yao wameyaweka ndani ya nini, na wameyafunika kwa kitu gani.

Makala haya yanakusudia kumsaidia msomaji kuchagua kifuniko cha maji ya nyumbani, yawe ni maji ya pipa, ya tangi, ya birika, ya kisima au hata ya bwawa la kuogelea. Watu wengi hununua kifuniko kwa kutazama ukubwa na bei peke yake. Yapo maswali matatu ambayo yafaa yatangulie bei. Je, mbu aweza kupita? Je, jua litakifanya nini kifuniko, na litayafanya nini maji? Na je, mtoto akikikanyaga au akikifunua, itakuwaje?

Ukame pia huleta mbu

Kisiwa cha Mombasa hakina mto. Maji ya mfereji hutoka mbali: chemchemi za Mzima huko Tsavo, Marere katika milima ya Shimba, visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, na visima vya Tiwi upande wa kusini. Maji hayo hayatoki kila siku katika kila mtaa, na kwa hivyo mkazi wa Makadara, Kibokoni, Kuze au Majengo huishi kwa kuweka akiba. Yanapotoka hujaza kila chombo alicho nacho. Yasipotoka humngoja mwenye mkokoteni wa mitungi au gari la boza.

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba mbu huja na mvua. Ni kweli kwa mbu wengi, lakini si kweli kwa mbu wa homa ya chikungunya na homa ya dengi. Mwaka 2004 chikungunya ilizuka Lamu wakati wa ukame, si wakati wa masika. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba watu kama watatu katika kila wanne wa Lamu walikuwa wameambukizwa. Wataalamu walipotafuta sababu waliona kwamba maji yalipokuwa haba, watu waliyaweka muda mrefu zaidi majumbani bila kuvimaliza wala kuvisugua vyombo, na vyombo vingi havikuwa na vifuniko vya maana. Kutoka Lamu ugonjwa ulifika Mombasa mwaka huohuo, kisha ukavuka bahari hadi visiwa vya Komoro na Réunion mwaka uliofuata.

Jina lenyewe la ugonjwa ni la kwetu Afrika Mashariki. Lilitokana na lugha ya Kimakonde, kusini mwa Tanganyika, ambako ugonjwa huo ulielezwa na madaktari mara ya kwanza katika mkurupuko wa mwaka 1952 na 1953. Maana yake ni kule kukunjika kwa mgonjwa kutokana na maumivu ya viungo. Homa ya dengi nayo iliripotiwa Malindi na Kilifi mwaka 1982, na ikazuka tena Mombasa mwaka 2013. Katika uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanywa mwaka huo mtaani Tudor, zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi waliopimwa alikutwa na dalili za maambukizi katika damu.

Swali la kwanza: je, mbu aweza kupita?

Mbu anayeeneza maradhi haya mawili huitwa Aedes aegypti. Ni mdogo, mweusi, mwenye madoadoa meupe miguuni. Huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya jua kuchwa, na ndiyo sababu chandarua cha usiku hakikumwokoa yule bibi. Hapendi mitaro ya maji machafu. Apendacho ni maji safi yaliyotulia, ndani ya chombo, mahali penye kivuli.

Hapa ndipo lilipo kosa la kifuniko cha nusunusu. Pipa lililo wazi juani hupata mwanga na joto ambalo mbu huyu halipendi sana. Pipa lililofunikwa vibaya humpa kivuli, giza na utulivu, kisha likamwachia mlango. Mwenye nyumba hudhani amejikinga, kumbe amemjengea mbu chumba.

Jike hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai hayo hushikamana na ukuta na yaweza kukaa makavu kwa miezi mingi bila kufa. Siku utakapojaza maji na kuyalowesha, yataanguliwa. Katika joto letu la Pwani, safari ya kutoka yai hadi mbu mwenye mabawa huchukua siku 7 hadi 10 hivi. Aidha, mbu huyu haruki mbali. Aghalabu hazidi mita 400 kutoka alipozaliwa. Hivyo basi, mbu aliyekuuma leo asubuhi Makadara hakutoka Likoni wala Kisauni. Ametoka uani kwako, au uani kwa jirani yako.

Watafiti walilijua jambo hili zamani. Katika miaka ya 1970 walichunguza mbu hawa huko Rabai, nje kidogo ya Mombasa, wakakuta makundi mawili: wale wa msituni waliozaliana katika matundu ya miti, na wale wa nyumbani waliozaliana katika mitungi ya maji ya kunywa. Wale wa nyumbani ndio waliopenda kumuuma mwanadamu.

Na sasa kuna mgeni mwingine wa kuchungwa. Mbu wa malaria aitwaye Anopheles stephensi, ambaye asili yake ni Asia ya Kusini na nchi za Ghuba, aligunduliwa Kenya mwaka 2022 katika Kaunti ya Marsabit. Tofauti na mbu wa malaria tuliowazoea, huyu hustawi mjini, katika matangi na visima. Watu wa Bombay walimjua mapema. Mwaka 1911 Dkt. Charles Bentley alieleza katika ripoti yake kwamba malaria ya mji huo ilitoka zaidi katika visima vya majumbani, na wenye visima wakaamrishwa kuvifunika au kuvifukia. Wapo waliolalamika, kwa kuwa baadhi ya visima vilihusiana na ibada. Sisi wa Mombasa hatuna haja ya kungoja amri.

Kipimo cha mwanya ni rahisi. Chukua kijiti cha kiberiti. Popote kijiti kinapopita kati ya kifuniko na ukingo, mbu naye apita. Ikiwa watumia wavu, matundu yake yasizidi milimita 1.2, yaani wavu wa chandarua cha kawaida au ule wa madirishani. Kwa pipa au tangi, kuna njia nyingine: usiku ning'iniza tochi iliyowashwa ndani yake, juu ya maji, funga kifuniko kisha zima taa za nje. Pote utakapoona mwanga ukitokeza ni mlango wa mbu.

Swali la pili: jua litafanya nini?

Jua la Mombasa halina huruma kwa kifuniko. Plastiki nyepesi isiyotiwa dawa ya kuhimili jua hukauka, hupauka na hatimaye hupasuka. Ukiipapasa ukaona unga mweupe mkononi, jua kwamba imeanza kuharibika. Mbao hupinda. Bati hujikunja na kuliwa na kutu kwa sababu ya hewa ya chumvi ya bahari. Katika hali zote hizo mwisho ni mmoja: mwanya hufunguka mahali ambapo siku ya kununua hapakuwa na mwanya. Kwa hiyo kifuniko kilichopita kipimo cha kiberiti mwaka jana chafaa kupimwa tena mwaka huu.

Jua lina kazi yake pia juu ya maji yenyewe. Mwanga ukiingia ndani ya chombo, ule uchafu wa kijani wa majini hustawi na maji huanza kunuka. Ndiyo sababu matangi ya plastiki hutengenezwa meusi au ya rangi nzito. Kifuniko nacho kisipitishe mwanga. Vilevile, mwanga wa jua huiharibu dawa ya klorini. Maji yaliyotiwa dawa kisha yakaachwa wazi juani adhuhuri hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya dawa hiyo katika muda wa saa chache tu. Joto nalo huipunguza, hata chombo kikiwa kimefungwa. Ukiweza, litilie tangi lako kivuli cha makuti au cha bati lililoinuliwa juu.

Wapo wanaoniambia, "Daktari, sisi twaacha tangi wazi makusudi, jua liue vijidudu." Ni kweli kwamba jua laweza kuua vijidudu, lakini ni ndani ya chupa safi ya plastiki inayoonya, isiyozidi lita 2, yenye maji yasiyo tope, iliyolazwa juani kwa saa 6. Ndani ya tangi au pipa jua halifiki chini. Maji hayo hayatasafika. Yatapata vumbi, kinyesi cha kunguru na mbu.

Swali la tatu: mtoto akikigusa, itakuwaje?

Swali hili ndilo husahauliwa zaidi, nalo ndilo lisilo na nafasi ya kujirekebisha. Duniani kote watoto wa umri wa mwaka 1 hadi miaka 4 ndio walio katika hatari kubwa zaidi ya kufa maji. Mtoto anayejifunza kutembea ana kichwa kizito kuliko nguvu za mikono yake. Akiinama ndani ya ndoo au karai akatumbukia kichwa mbele, hawezi kujiinua, hata kama maji ni ya sentimita chache. Tena hapigi kelele. Mama huwa jikoni, hatua kumi tu, asisikie kitu.

Wavu mwepesi wa kuzuia mbu hauwezi kuzuia mtoto. Kipande cha plastiki kilichotandazwa juu ya maji ni kibaya zaidi, kwa sababu mtoto hukiona kama sakafu. Kwa chombo chochote kikubwa ambacho mtoto aweza kukifikia, kifuniko kiwe na uwezo wa kuhimili uzito wake, na kiwe na komeo au kufuli asiloweza kulifungua.

Kifuniko gani kwa chombo gani?

Mitungi na ndoo. Mtungi wa lita 20 wenye mdomo mwembamba na kifuniko cha kuzungusha ndio chombo salama kuliko vyote: mbu hapiti, mtoto hatumbukii, na mkono mchafu hauingii. Vile vifuniko vidogo hupotea, nawe usikubali kuweka gunzi au karatasi ya nailoni mahali pake. Nunua kingine.

Mapipa. Pipa la plastiki lenye kifuniko chake cha asili na pete ya kukazia lafaa sana. Ikiwa pipa lako halina kifuniko, mwombe fundi cherehani akushonee wavu wa chandarua wa mviringo, mpana kuliko mdomo wa pipa, na autie lastiki pembeni kama ya kofia ya kuogea. Uvute ubane chini ya ukingo. Juu yake ndipo uweke bati au mbao ya kuzuia jua na vumbi. Wavu usilegee ukagusa maji, kwani mbu aweza kutaga kupitia matundu. Na pipa lisikae mahali ambapo mtoto atapata kitu cha kupandia.

Matangi ya juu ya paa. Hapa kifuniko chenyewe mara nyingi ni kizuri. Tatizo ni mafundi na upepo. Fundi hupanda kutengeneza boya au pampu, akashuka bila kukaza kifuniko. Kusi ikivuma, kifuniko huishia kwa jirani. Chagua tangi ambalo kifuniko chake huzungushwa kikakaza au hufungwa kwa skrubu, kisha kifunge kwa mnyororo mfupi kwenye tangi. Usisahau matobo mengine: bomba la kutolea maji yanayofurika, tobo la hewa, na lile tobo ambalo fundi alilitoboa kupitisha bomba la pampu. Yote yafungwe kwa wavu uliobanwa kwa waya. Nimewahi kuona tangi lililofungwa barabara juu, na mbu wakitoka kwa mstari kupitia bomba la kufurikia.

Mabirika. Katika nyumba za kale za Mji wa Kale bado yapo mabirika ya saruji yaliyojengwa msalani au uani. Nyumba za kale za Lamu zilikuwa na hekima yake: waliweka samaki wadogo ndani ya birika wale viluwiluwi. Njia hiyo yafaa hadi leo kwa maji ya kuogea na kufulia, ila si kwa maji ya kunywa. Kwa kifuniko, mwite seremala au fundi wa kuchomelea akupimie fremu yenye wavu, iliyofungwa kwa bawaba, na ukingo wake utiwe ukanda wa mpira ili ukae sawasawa juu ya saruji isiyonyooka. Kwa mwenye watoto wadogo, chini ya wavu atie nondo.

Visima. Kisima chataka ukuta usiopungua kimo cha kiuno cha mtu mzima, na kifuniko cha saruji au cha chuma chenye kufuli. Kifuniko cha mbao zilizoachana hakizuii mbu wala mtoto. Ni afadhali mno kuteka kwa pampu kuliko kwa ndoo na kamba, kwa sababu kila ndoo inaposhuka kifuniko huwa wazi na uchafu wa sakafuni huingia. Palipopita bomba la pampu pazibwe kwa saruji. Wala usimwage mafuta ya taa kisimani kuua viluwiluwi. Maji yale ni ya watu.

Wenye mabwawa ya kuogelea

Wasomaji wenye mabwawa ya kuogelea nyumbani, hasa pande za Nyali na Shanzu, huuziwa kile kiitwacho kifuniko cha jua. Ni shiti la plastiki, aghalabu la buluu, lenye malengelenge ya hewa upande wa chini, ambalo huelea juu ya maji. Hupitisha joto la jua liingie majini na huzuia maji yasigeuke mvuke. Kwa kuwa bwawa hupoteza joto lake kwa njia ya mvuke zaidi kuliko njia nyingine yoyote, maji hupata vuguvugu. Ulaya hiyo ni neema. Kwetu Pwani, ambako maji huwa na vuguvugu karibu mwaka mzima, kununua shiti hilo kwa ajili ya kupasha maji moto ni kupoteza fedha.

Faida yake kwetu ni kuokoa maji na dawa. Tuchukue bwawa la mita 8 kwa 4. Likipungua milimita 5 tu kwa siku kwa mvuke, ni lita 160, yaani mitungi minane kila siku, katika mji ambao jirani yako hununua maji kwa mtungi. Klorini nayo hudumu zaidi likiwa limefunikwa. Kwa shabaha hiyo, chagua shiti zito lisilopitisha mwanga kuliko lile linaloonya, liwe limetiwa dawa ya kuhimili jua, na likatwe lifuate ukingo wa bwawa pasi na nafasi.

Lakini yafahamike mambo mawili. La kwanza, mvua ikinyesha, maji hutuama juu ya shiti, na maji hayo hayana klorini. Bwawa lenye klorini na pampu inayofanya kazi halizai mbu. Vidimbwi vya juu ya shiti huzaa. Vikaushe siku hiyohiyo. La pili ni zito zaidi. Shiti linaloelea si kinga ya mtoto. Mtoto akikanyaga, shiti huzama naye kisha humfunika, na aliye ukingoni haoni mtu. Wakati wa kuogelea liondolewe lote, lisiachwe nusu. Na liwepo au lisiwepo, bwawa lizungushiwe uzio pande zote wenye lango linalojifunga lenyewe.

Kifuniko hakimalizi kazi

Hata kifuniko bora kina mipaka yake. Chombo huenda tayari kina mayai ukutani kabla hujakifunika. Kwa hiyo, mara moja kwa wiki maliza maji ya vyombo vidogo, sugua kuta zake kwa brashi ngumu na sabuni, suuza, ndipo ujaze upya. Nasema wiki kwa sababu ndiyo inayomkatiza mbu kabla hajaota mabawa. Kumwaga maji bila kusugua hakutoshi. Birika au tangi kubwa lisilowezekana kumwagwa, muulize afisa wa afya ya umma kuhusu dawa ya kuua viluwiluwi iliyoidhinishwa kwa maji.

Klorini inayotiwa katika maji ya kunywa huua vijidudu vya kipindupindu, lakini kwa kipimo hicho haiui viluwiluwi. Kifuniko nacho huzuia mbu, lakini hakizuii uchafu wa mashimo ya vyoo unaopenya chini kwa chini katika jiwe la matumbawe hadi kisimani. Kimoja hakishiki nafasi ya kingine. Maji ya kisima cha mjini, hata yakiwa yamefungwa kwa kufuli, yachemshwe au yatiwe dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na yasubiri dakika 30 kabla ya kunywewa.

Ukipatwa na homa

Homa kali ya ghafla, maumivu ya kichwa na ya nyuma ya macho, viungo kuuma na vipele ni dalili za kukupeleka kituo cha afya. Pimwa malaria kwanza, wala usijitibu kwa kukisia. Mpaka ijulikane kwamba si dengi, tuliza homa kwa parasetamoli peke yake. Aspirini, Brufen na dawa za jamii hiyo zaweza kuzidisha kutoka damu. Kunywa maji mengi.

Dengi ina hila yake. Hatari mara nyingi huja pale homa inaposhuka na mgonjwa kudhaniwa amepona. Ukiona tumbo linauma sana, kutapika kusikokoma, damu puani au kwenye fizi, kuhema haraka, au mgonjwa amelegea na kuhangaika, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Tuliziba mwanya

Yule bibi wa Makadara hakulazwa. Siku ileile mkwewe alimwaga yale mapipa mawili, akayasugua, na fundi cherehani wa mtaani akashona nyavu mbili za lastiki kutokana na chandarua kikuukuu kilichotoboka upande mmoja. Palipokuwa pazima palitosha. Nilimwomba aende akamulike mapipa ya jirani wa kushoto na wa kulia pia, kwani mbu hajui mpaka wa uani. Alirudi akaniambia kati ya nyumba nne alizoingia, tatu zilikuwa na viluwiluwi, na zote tatu zilikuwa na vifuniko.

Homa ya bibi iliisha kwa siku chache, lakini viungo vilimsumbua kwa karibu miezi minane. Hiyo ndiyo tabia ya chikungunya kwa wazee. Ni nadra kuua, bali humwondolea mtu kazi za mikono yake. Mara ya mwisho nilipompitia alikuwa ameanza tena kukuna nazi mwenyewe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa pipa ni wa vidole viwili tu. Leo jioni, kabla ya magharibi, chukua kijiti cha kiberiti ukazunguke nacho vyombo vyako vya maji.